Waya Ndani ya Simu

Commodore 64 iliingia sokoni mwaka 1982 na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Picha moja iliyopigwa harusini kwa simu ya leo haitoshi humo. Mtu wa Banissa, kule Mandera mpakani na Ethiopia, akitaka kumwingiza mzee huyu intanetini, atahitaji kibao kidogo chenye chipu ya ESP8266 ya kampuni ya Espressif, Shanghai. Kibao hunasa Wi-Fi, hata ile ya hotspoti ya simu ya mkononi. Kompyuta haijui lolote. Huandika ATDT, amri ya kupiga simu iliyoenezwa na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, na penye nambari ikaweka anwani ya intaneti. Hakuna kinachopigwa wala kinacholia, ila kibao hujibu kwa adabu zote kwamba upande wa pili wamepokea.

Kiitwe nini basi? Wauzaji husema modemu ya Wi-Fi. Mtu wa istilahi atanuna: modemu ya zamani iligeuza data kuwa mlio upite kwenye waya wa simu, na hiki hakitoi mlio wowote. Atataka kubuni jina. Mimi nasita kila ninapokumbuka ngamizi. Neno hilo lilipendekezwa kwa kompyuta, na wasikilizaji wakasikia kuangamiza. Nani atamkabidhi mwangamizi faili zake? Tarakilishi limebahatika zaidi, ingawa Kenya makazi yake ni darasani na kwenye karatasi za mtihani. Mwenye saiba anasema kompyuta.

Isitoshe, uongo wa namna hii tumeuzoea. Simu asili yake ni Kiajemi, na huko sim ni waya. Ilipokuja redio ya mawasiliano tukaiita simu ya upepo, yaani, tukifuata asili, waya wa upepo, na hakuna aliyecheka. Wasomali walifika papo hapo kwa njia yao. Kabla ya simu za mkononi kuenea, wakimbizi wa Dadaab waliulizia jamaa na kupanga kutumiana fedha kwa redio waliyoiita taar. Kwa Kihindi na Kiurdu, taar ni waya. Lugha mbili jirani, maneno mawili ya kigeni, na waya uleule ambao haukuwapo! Kwa hiyo modemu na ibaki modemu.

Jina ninalolitaka ni la kazi nyingine. Tovuti nyingi za leo hufungwa kwa usimbaji, na kichakataji cha megahezi 1 hivi hakiwezi kuufungua kwa muda ambao binadamu atavumilia. Lazima chombo kingine kitangulie kuusoma, kiondoe picha na mapambo, kisha kimkabidhi mzee maandishi matupu. Vitabu vyetu vinanipa seva wakala, jina linalonukia ofisi ya bima, na wakala tayari tunaye dukani akitoa pesa za simu. Ningechagua tarjumani, kama yule anayesimama kwenye baraza la chifu kati ya Kiswahili cha afisa na lugha ya wazee, akikata maneno ya afisa yasiyo na faida. Mtihani wa neno hilo ni siku mnara utakapozimika Banissa: fundi akisema, "Tarjumani yuko sawa, ni mtandao hakuna," litakuwa limepita.