Feingold, Russell: msimamo wake kuhusu ugaidi na usalama wa taifa

Russell Dana Feingold (alizaliwa Janesville, Wisconsin, 2 Machi 1953) ni mwanasheria na mwanasiasa wa Marekani, wa chama cha Democratic, aliyekuwa seneta wa jimbo la Wisconsin kwa vipindi vitatu, kuanzia 1993 hadi 2011. Nchini kwake jina lake limefungamana na sheria ya fedha za kampeni aliyoiandaa pamoja na seneta John McCain. Katika mambo ya usalama wa taifa anakumbukwa kwa kura moja: ndiye seneta pekee aliyeikataa Sheria ya PATRIOT, iliyopanua mamlaka ya upelelezi, wiki sita baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001.

Alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, Oxford na Harvard, kisha akakaa miaka kumi katika Seneti ya jimbo lake.

Kura ya Oktoba 2001

Muswada wa sheria hiyo ulitoka Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu John Ashcroft, na ulisukumwa kwa haraka ambayo Bunge la Marekani halina desturi nayo. Kisa hiki kina kejeli yake. Mapema mwaka huohuo, Ashcroft alipopendekezwa kwa wadhifa huo na Rais George W. Bush, Wademokrati wote wa Kamati ya Sheria ya Seneti walimpinga isipokuwa mmoja, naye ni Feingold, aliyeshikilia kwamba rais apewe nafasi ya kuchagua mawaziri wake. Aliyemfungulia Ashcroft mlango ndiye aliyekuja kusimama peke yake dhidi ya muswada wake.

Tarehe 11 Oktoba Feingold alileta marekebisho ukumbini. La kwanza lilihusu mamlaka ya kufuatilia watumiaji wa kompyuta bila amri ya mahakama, kwa madai kwamba wameingia kwenye mtambo bila ruhusa. La pili liligusa kibali cha kunasa mazungumzo, ambacho humfuata mshukiwa kutoka simu moja hadi nyingine na hivyo huweza kuwanasa hata watu wasiohusika naye. La tatu, ambalo baadaye ndilo lililopata umaarufu, lililenga kifungu cha 215, kilichowaruhusu maofisa wa FBI kudai kumbukumbu za biashara, hospitali au maktaba bila kuonyesha kwamba mwenye kumbukumbu hizo anashukiwa kwa lolote. Kiongozi wa walio wengi, Tom Daschle, Mdemokrati mwenzake, aliwasihi maseneta wasiyakubali marekebisho hayo, si kwa ubaya wa hoja bali kwa kuhofia kuchelewesha muswada. Yote yaliwekwa kando. Usiku huo Seneti ilipitisha muswada kwa kura 96 kwa 1. Tarehe 25 Oktoba, ulipokuja kwa mara ya mwisho, matokeo yakawa 98 kwa 1. Bush alitia sahihi siku iliyofuata.

Hotuba aliyoitoa siku ya kura ya mwisho bado inasomwa. Alikiri kwamba sehemu nyingi za muswada zilifaa na kwamba serikali ilihitaji zana mpya. Kisha akaorodhesha nyakati ambazo Marekani, kwa hofu ya vita, iliwageukia watu wake wenyewe: sheria za uchochezi za karne ya 18, Lincoln kusitisha haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya jaji, Wamarekani wenye asili ya Japani kufungiwa makambini katika Vita vya Pili vya Dunia, na watu kunyimwa kazi kwa tuhuma za ukomunisti. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kueleweka: katika dola ya kipolisi magaidi wangekamatika kwa urahisi zaidi, lakini nchi ya namna hiyo si ile ambayo wanajeshi wanaombwa kuifia. Alionya pia kwamba mzigo wa sheria hiyo ungewaelemea zaidi Waarabu, Waislamu na wahamiaji.

Wapo waliodhani amejichimbia kaburi la kisiasa. Mwaka 2004 alichaguliwa tena kwa takriban asilimia 55, katika jimbo ambalo mgombea urais wa chama chake, John Kerry, alishinda kwa kura elfu kumi na moja na ushei tu.

Vita

Ni kosa kumweka Feingold katika kundi la wapinga vita vyote. Septemba 2001 aliunga mkono azimio lililoruhusu nguvu za kijeshi dhidi ya waliofanya mashambulizi, ambalo katika Seneti halikupata hata kura moja ya kulikataa. Iraki ilikuwa habari nyingine. Oktoba 2002 alikuwa miongoni mwa maseneta 23 waliosema hapana kwa azimio la kuruhusu vita, akidai kwamba hoja za serikali zilikuwa zikibadilika kila kukicha na kwamba vita hivyo vingewaacha al-Qaida wakipumua. Agosti 2005 akawa seneta wa kwanza kutaja tarehe ya kuwaondoa askari Iraki, yaani mwisho wa 2006. Mwezi Mei 2010 alitaka ratiba kama hiyo kwa Afghanistan. Alipata kura 18.

Aliikataa pia sheria ya 2002 iliyounda Wizara ya Usalama wa Ndani, pamoja na ile ya 2006 ya mahakama maalumu za kijeshi.

Usikilizaji wa siri

Desemba 2005 gazeti la New York Times lilifichua kwamba shirika la ujasusi la NSA lilikuwa likinasa mawasiliano ya watu walio Marekani bila hati ya mahakama. Siku hiyohiyo, Feingold na Mrepublican Larry Craig waliongoza kundi lililozuia kwa muda kuongezwa uhai wa vifungu vya Sheria ya PATRIOT. Machi 2006 alitoa hoja ya Seneti kumkaripia rais rasmi. Wademokrati wengi waliikwepa hoja hiyo kama mtu anayekwepa mdai wake njiani, na haikufika mbali.

Afrika

Eneo hili huandikwa kidogo mno katika wasifu wake, ilhali ndipo fikra zake kuhusu ugaidi zilipokomaa. Alikuwa mjumbe wa muda mrefu wa kamati ndogo ya Seneti ya masuala ya Afrika, na aliiongoza kwa vipindi viwili. Mabomu ya 7 Agosti 1998 katika balozi za Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, yalikuwa kwake ushahidi kwamba al-Qaida hustawi pale serikali inapolegea. Mwaka 2002, wakati Washington ikiitazama Baghdad, aliendesha vikao kuhusu nchi dhaifu za Afrika, Somalia na Kongo zikiwemo.

Pamoja na Mrepublican Sam Brownback aliandaa sheria ya 2010 kuhusu kundi la waasi la LRA, la Joseph Kony wa Uganda. Iliyofuata ni hatua ya Rais Obama, Oktoba 2011, ya kutuma askari washauri wapatao 100 Uganda na nchi jirani. Ni ajabu kidogo kwamba seneta aliyekuwa akidai ratiba za kuondoka kwingineko, hapa hakuweka yoyote. Ujumbe huo ulifungwa 2017 Kony akiwa bado hajakamatwa.

Baada ya kushindwa uchaguzi wa 2010 na Ron Johnson, aliteuliwa mwaka 2013 kuwa mjumbe maalumu wa Marekani katika Maziwa Makuu, akaitumikia kazi hiyo hadi 2015. Ni katika kipindi chake waasi wa M23 walishindwa na majeshi ya Kongo na Umoja wa Mataifa, na matamko ya Nairobi ya kumaliza uasi huo yakatiwa sahihi Desemba 2013.

Baadaye

Alijaribu kurudi Seneti 2016 akashindwa tena na Johnson. Mwaka 2020 alichukua urais wa American Constitution Society, jumuiya ya wanasheria. Kifungu cha 215, ambacho Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa mkataba NSA, alifichua 2013 kuwa kilitumika kukusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani, kilipunguzwa makali na sheria ya 2015, na Machi 2020 muda wake ukaisha bila Bunge kuuongeza.