Njia ya Tabora, Picha za London
Mwaka 1860 mpelelezi James Augustus Grant alipiga picha Zanzibar, na ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za mji ule. Alipofika Kazeh, yaani Tabora, Januari 1861 pamoja na John Hanning Speke, alikuwa anachora kwa rangi za maji. Speke alieleza sababu katika kitabu chake: joto la kutayarisha na kusafisha picha lingemuua mwenzake. Enzi hizo kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa katika dawa yenye madini ya fedha, kisha kikapigiwa picha na kusafishwa kingali kibichi, yote ndani ya dakika chache, nusu ya kazi ikifanyika katika hema lenye giza. Jua lilikuwapo tele na lenzi ilikuwapo. Kilichoshindikana ni kusafiri na chumba cha giza, na naamini hapo ndipo watu wa njia ya misafara walipoikosa sura yao.

Tazama yaliyofuata. Mkutano wa Stanley na Livingstone kule Ujiji, mwaka 1871, tunaujua kwa michoro iliyochapwa ng'ambo. Kalulu, mtoto mtumwa ambaye Stanley alipewa zawadi Tabora na mfanyabiashara Mwarabu, alipigwa picha katika studio ya London. Chuma na Susi, walioubeba mwili wa Livingstone wakapitia Tabora mwaka 1873, walipigwa picha Uingereza mwaka uliofuata. Hao ndio waliobahatika. Wapagazi kwa maelfu hawana hata hiyo. Mtu atasema vioo vikavu vilivyobuniwa mwaka huohuo wa 1871 viliondoa tatizo. Vilimwondolea mpiga picha tu: aliondoka na kioo chake, akakisafishia mbali, na aliyepigwa hakuona kitu.

Filamu ya papo kwa papo, aliyoionyesha Edwin Land mwaka 1947, ndiyo iliyokiingiza chumba cha giza ndani ya karatasi. Dawa hukaa katika kifuko pembeni. Karatasi ikipita kati ya rola mbili, kifuko hupasuka na dawa hutandaa. Kamera ya filamu hiyo mtu anaweza kujitengenezea: rola atazitoa katika kamera kuukuu, na yaliyobaki ni sanduku lisilopenywa na mwanga na bati la kopo lililotobolewa kwa sindano. Juani tundu hufunguliwa kwa muda wa sekunde moja hivi. Chini ya miembe, zaidi.

Pingamizi zito zaidi latoka Afrika Kusini, ambako filamu hiyohiyo ya Polaroid, kampuni ya Land, ilitumika kutengenezea pasi za kuwabana Waafrika, hadi wafanyakazi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walipoanzisha upinzani mwaka 1970. Kampuni ikajitoa mwaka 1977. Kwa hiyo haraka peke yake haimkomboi mtu. Swali ni nani ameshika sanduku, na ndiyo maana nalitilia mkazo lile la kujitengenezea. Joto nalo halijaisha: filamu za leo huharibika rangi kupita nyuzi 28 hivi, kwa hiyo Tabora kazi hii ni ya asubuhi. Bei ya filamu ni kubwa, hilo nalikubali. Lakini wanaolalamika kwamba picha hutoka nakala moja tu wamesahau kwamba picha ya Kalulu iliuzwa London kwa yeyote mwenye fedha. Nakala moja, iliyokauka mbele ya mwenyewe, huenda naye nyumbani.