Ziwa Idwal: Bonde Lililochongwa na Barafu na Historia ya Waliolitazama

Ziwa Idwal liko kaskazini mwa Wales, chini ya milima ya Glyderau, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri ambayo kwa muda mrefu ilijulikana nje ya Wales kwa jina la Snowdonia, na njia inayolizunguka ni miongoni mwa njia nyepesi zaidi za milimani katika Uingereza. Mtembeaji huanzia Ogwen, kando ya barabara kuu iendayo Holyhead iliyojengwa na mhandisi Thomas Telford mwanzoni mwa karne ya 19, akavuka daraja dogo lililo juu ya kijito chenye maporomoko, akapanda taratibu kwenye njia iliyotandikwa mawe, na baada ya nusu saa hivi akafika ukingoni mwa maji, takriban mita 370 juu ya usawa wa bahari. Mzunguko mzima pamoja na kurudi ni kama kilomita 5, mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na haraka, ila baada ya mvua kubwa vijito vya upande wa juu hufurika na kuvivuka huwa taabu. Ndani ya mwendo huo mfupi zimo alama za mojawapo ya hoja kubwa za sayansi ya karne ya 19, nayo ni kwamba mabonde ya Ulaya yanamolishwa kondoo leo yaliwahi kulaliwa na barafu.

Theluji inayoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote hushindiliwa na uzito wake yenyewe hadi ikawa barafu ngumu, na barafu hiyo ikiwa nene vya kutosha huanza kuteremka polepole mno. Huo ndio unaoitwa mto wa barafu. Mto huo si wa maji, bali una nguvu ya kung'oa mawe, kuyabeba na kuyasugua juu ya mwamba ulio chini yake, kiasi kwamba mwamba hulainika na kubaki na mikwaruzo iliyonyooka kuelekea ule upande barafu ilikokwenda. Pale Cwm Idwal, yaani bonde lenye ziwa hili, barafu ilichimba ubavu wa mlima hadi likatokea umbo la bakuli, lenye kuta za majabali pande tatu na mdomo ulio wazi upande wa kaskazini, na maji yakajikusanya ndani yake. Kifusi cha mawe na udongo ambacho barafu hukiacha inapoyeyuka huitwa moreni. Moreni za Cwm Idwal ni vilima vidogo vya mviringo, vimeota nyasi na vichaka, navyo vimejipanga kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa. Viliachwa na barafu ndogo iliyozaliwa upya baada ya ile kubwa kwisha, wakati baridi kali iliporudi takriban miaka 12,900 iliyopita na kudumu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Wenyeji walilijua ziwa hili muda mrefu kabla ya wanasayansi. Masimulizi ya Wales yanasema kwamba Idwal alikuwa mtoto wa mfalme Owain Gwynedd, kwamba alizamishwa humo na jamaa aliyekabidhiwa kumlea, na kwamba tangu siku ile hakuna ndege anayeruka juu ya maji hayo. Wafugaji walilisha kondoo bondeni, na karibu na Ogwen palikuwa na machimbo madogo ya vinoo, yaani mawe ya kunolea visu na wembe. Mwishoni mwa karne ya 17 msomi Edward Lhuyd, mlinzi wa jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford, aliikusanya mimea ya milima hii na kutambua yungiyungi dogo jeupe linaloota kwenye nyufa za majabali, mahali ambapo kondoo hawafiki. Ua hilo ni jamaa wa mimea ya Alps na nchi za kaskazini ya mbali, na kuwapo kwake Wales ni mabaki ya enzi ya baridi. Lakini katika zama za Lhuyd hapakuwa na mtu yeyote aliyeweza kulieleza hivyo.

Mwezi wa Agosti 1831 Adam Sedgwick, profesa wa jiolojia wa Cambridge, alikwenda Wales ya kaskazini pamoja na kijana wa miaka 22 aliyeitwa Charles Darwin. Kwa maelezo ambayo Darwin aliyaandika uzeeni, wawili hao walitumia saa nyingi Cwm Idwal wakiyachunguza majabali kwa makini makubwa, kwa kuwa Sedgwick alitaka kupata visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Hawakuona hata alama moja ya barafu. Mwamba uliokwaruzwa, mawe makubwa yaliyokaa mahali ambapo hayakuporomokea yenyewe na vilima vya moreni vilikuwa mbele ya macho yao, nao wakavipita vyote. Ni vigumu kuwalaumu, maana Sedgwick alikuwa miongoni mwa wachunguzi hodari wa zama zake. Kilichokosekana ni swali, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba barafu inaweza kuwa mjenzi wa mabonde ya Wales. Mwezi huohuo Darwin alirejea nyumbani akakuta barua ya kualikwa katika safari ya meli ya Beagle, na tarehe 27 Desemba 1831 akaondoka kuizunguka dunia.

Swali lililokosekana lilitoka Uswisi, ambako wakazi wa milimani walikuwa wakiona kila siku jinsi barafu inavyobeba mawe. Mwaka 1837 Louis Agassiz aliwatangazia wanasayansi wenzake mjini Neuchâtel kwamba barafu iliwahi kuenea mbali sana kuliko mipaka yake ya sasa; mwaka 1840 alichapisha kitabu juu ya jambo hilo, na mwaka huohuo akaizunguka Uskoti pamoja na William Buckland, profesa wa Oxford, akimwonyesha alama zilezile. Buckland aliyekuwa na mashaka aliongoka, na baadaye akaenda Wales akakuta ushahidi wa aina moja.

Darwin alirudi Cwm Idwal mwezi Juni 1842, akiwa na miaka 33 na afya iliyoanza kuzorota, na safari hii alitazama kwa macho mengine. Makala aliyoichapisha mwaka huo inaeleza moreni, miamba iliyolainishwa na mawe makubwa yaliyopasuka karibu na ziwa, ambayo kwa maoni yake yalidondoka kutoka majabalini juu ya barafu na kubaki chini barafu ilipokwisha. Mawe hayo bado yapo, na wageni huyaita Mawe ya Darwin. Hata hivyo hakuikubali nadharia yote, kwa kuwa aliendelea kuamini kwamba mawe mengine ya sehemu za chini yaliletwa na barafu iliyoelea baharini, wakati nchi kavu ilipokuwa imezama. Haki inadai jambo hilo litajwe, maana mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba Darwin aliamka siku moja akaijua kweli nzima, ilhali alifika nusu ya njia.

Karne ya 20 ililipa bonde hilo wageni wa namna nyingine. Mwaka 1915 Emily Daniell na wenzake walipanda kwa mara ya kwanza njia iliyopewa jina la Hope kwenye majabali yaliyolala kwa mshazari upande wa mashariki wa ziwa, na tangu hapo majabali hayo yakawa shule ya wapanda miamba. Mwaka 1954 Cwm Idwal ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya mazingira asilia, ya kwanza katika Wales, na mwaka 1998 kondoo waliondolewa bondeni, ndipo vichaka na miti midogo iliyokuwa ikiliwa ikiwa michanga ilipoanza kurudi.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika hoja hiyo ya barafu. Mmisionari Johann Krapf alipoiona theluji ya Mlima Kenya mwaka 1849 baadhi ya wasomi wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba barafu inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyesindikizwa na wapagazi kutoka pwani, alipanda mlima huo na kukuta moreni za kale chini sana ya mahali barafu ilipokuwa ikiishia wakati wake, ushahidi kwamba hata ikweta iliwahi kupata baridi kubwa zaidi. Bonde la Teleki, vijiziwa vya Hall na Ziwa Michaelson ni kazi ya barafu kama lilivyo Ziwa Idwal, ingawa kuyafikia si mwendo wa saa mbili, bali safari ya siku kadhaa penye hewa nyembamba.

Tofauti kubwa iliyopo ni kwamba Cwm Idwal barafu ilikwisha zamani, na Mlima Kenya inakwisha sasa: barafu ya Lewis, ambayo mwanajiografia Halford Mackinder aliikuta pana alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, imebaki vipande vidogo, na moreni ilizoziacha nyuma yake ni changa kiasi kwamba hazijaota nyasi. Ingefaa vyuo na walinzi wa mlima huo waweke kandokando ya njia zake maelezo ya Kiswahili yanayomwonyesha mpandaji mahali barafu ilipofika mwaka hadi mwaka, nao waongoza wageni wafundishwe kuyasoma mawe hayo, wakati kipande cha mwisho cha barafu bado kipo.