Nissan Leaf S, X au G? Lipia betri kwanza, viti baadaye

Nissan Leaf mbili nyeupe zimeegeshwa bega kwa bega kwenye yadi. Mwaka wa kutengenezwa ni mmoja, betri zote ni za kWh 40, mileji zinakaribiana. Moja ni gredi ya G: rimu za inchi 17, taa za LED, kamera kila upande. Nyingine ni X, haina mbwembwe nyingi. Muuzaji anasema G ndiyo iliyojaa kila kitu, na bei yake iko juu.

Wanunuzi wengi hapo moyo umeshaenda kwa G. Lakini tuseme betri ya G imebaki na asilimia 78 ya uwezo wake, na ya X asilimia 92. Gari lile "la chini" litakwenda karibu kilomita 30 zaidi kila likijazwa chaji. Kwa mtu aliyechukua mkopo wa sacco ili aachane na petroli, kilomita hizo zinaweza kuamua kama atafika nyumbani au atavutwa kwa kamba.

Leaf ni miongoni mwa magari ya umeme ya mtumba yanayojulikana zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu hutoka Japani na usukani wake uko kulia. Mwaka 2018 kampuni ya teksi ya NopeaRide ilianza kazi Nairobi ikitumia magari hayo hayo. Tatizo ni kwamba gredi zake zinachanganya.

Gredi ni nini hasa?

Gredi ni kiwango cha vifaa ambavyo kiwanda kimeweka kwenye gari la aina moja. Kwa Leaf za Japani, S ndiyo ya chini, X ya katikati, G ya juu. Zilizouzwa Uingereza kwa miaka mingi ziliitwa Visia, Acenta na Tekna. Marekani ziliitwa S, SV na SL.

Kwenye gari la petroli, kupanda gredi mara nyingi ni kuongeza starehe. Kwenye gari la umeme, gredi inaweza kugusa mambo matatu yanayoamua safari: ukubwa wa betri, kasi ya kuchaji, na umeme unaoliwa kwa kila kilomita.

Ila herufi peke yake haitoshi. Japani kuna X ya kWh 24, X ya kWh 30 na X ya kWh 40. Anayetangaziwa "Leaf X" bado hajaambiwa kitu.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Betri ya kWh 30 ilipokuja, waliipata wanunuzi wa Acenta na Tekna, na Visia ikabaki na kWh 24. Hapo gredi ilibeba betri yake. Kwa hiyo mnunuzi aulize gari lilitengenezwa kwa soko la nchi gani kabla hajauliza herufi.

Betri ya uniti ngapi?

Neno kWh linawatisha wengi, lakini ni kitu kile kile kinachonunuliwa kila wiki kwa simu. Kilowati-saa moja ni uniti moja ya tokeni au LUKU. Betri ya kWh 40 ni tangi linalobeba uniti 40.

Leaf zinazozungumziwa hapa zina matangi manne:

• kWh 24: ndiyo iliyoanza nayo ilipoingia sokoni Desemba 2010.
• kWh 30: ilikuja mwishoni mwa 2015, umbo la gari likiwa bado la zamani.
• kWh 40: ilikuja na umbo jipya mwaka 2017, mota ya kW 110.
• kWh 62: hii ndiyo Leaf e+, ya mwaka 2019, mota ya kW 160.

Namba ya chesisi inasaidia kutambua. Za mwanzo huanza na ZE0, zilizofuata AZE0, na za umbo jipya ZE1. Lakini AZE0 inaweza kuwa ya 24 au ya 30, na ZE1 inaweza kuwa ya 40 au ya 62, kwa hiyo karatasi ya mnada lazima isomwe.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Ndiyo maana Leaf za kWh 24 zinazouzwa Kenya kwa kawaida zimeshatumika hapa hapa nchini. Bei yake huvutia, na sababu yake ni betri iliyozeeka.

Kilomita 400 za kwenye karatasi

Leaf ya kWh 40 ina namba tatu za umbali, na zote ni rasmi. Kwa kipimo cha zamani cha Japani, JC08, ni kilomita 400. Kwa kipimo kipya cha WLTC kinachotumika Japani ni kilomita 322. Kwa kipimo cha EPA cha Marekani ni maili 151, yaani kilomita 243.

Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni namna ya kulipima. Muuzaji anayetaja 400 hajadanganya, ila amechagua namba inayomfaa yeye. Kipimo cha EPA ndicho kilicho karibu zaidi na maisha ya kawaida, na kinatoa hesabu rahisi ya kichwani: uniti moja, kilomita 6.

Afya ya betri

Betri ya Leaf hizi haina mfumo wa kuipoza kwa maji kama ilivyo kwa magari mengi mapya ya umeme. Inategemea hewa tu. Joto kali huizeesha haraka, na malalamiko makubwa ya mwanzo yalitoka Arizona, Marekani, kwenye joto la jangwani. Kwa mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hilo ni jambo la kulitilia maanani kuliko kwa mtu wa Limuru.

Kwenye dashibodi, pembeni ya geji ya chaji, kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshapungua karibu asilimia 15. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Gari lenye vijiti 10 limeshapoteza zaidi ya asilimia 20 ya uwezo wake, hata kama rangi inang'aa.

Vijiti navyo si vya kuaminiwa kabisa. Kwenye Leaf za zamani inawezekana kuirudisha geji ionyeshe 12 kwa muda, kisha ikashuka tena mnunuzi akiwa ameshalipa. Dawa yake ni programu ya simu inayoitwa LeafSpy pamoja na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Inaonyesha afya ya betri kwa asilimia na idadi ya mara gari lilipochajiwa kwa chaja ya haraka. Muuzaji anayekataa kipimo hicho ameshajibu swali.

Na dhamana je? Kwa betri za kWh 30 kwenda juu, Nissan iliwaahidi wateja wa Japani miaka 8 au kilomita 160,000. Ahadi hiyo ni ya soko la Japani. Aliyenunua mtumba Mombasa au Dar asiiweke kwenye hesabu zake.

Vitu vya G vinavyobaki Japani

Sehemu kubwa ya fahari ya gredi ya juu haivuki bahari.

*Ramani.* Mfumo wa ramani uliowekwa kiwandani una ramani za Japani na maandishi ya Kijapani. Huku dereva atatumia simu tu.

*Redio.* Redio za FM za Japani huanzia 76 MHz na huishia karibu na 95. Vituo vingi vya huku viko kati ya 88 na 108, kwa hiyo fundi atahitajika hata kwa gari la gredi ya juu kabisa.

*Msaada wa kuendesha.* ProPILOT, unaoshikilia njia na umbali barabarani, huja moja kwa moja kwenye G. Unategemea mistari iliyochorwa lami. Kwenye barabara kuu nzuri unafanya kazi. Mtaani ambako mistari imefutika, hauna la kushika.

*Rimu kubwa.* G ya umbo jipya huvaa tairi za 215/50 R17, wakati rimu za inchi 16 huvaa 205/55 R16. Tairi nyembamba ubavuni huumia zaidi kwenye mashimo. Pia gari hula umeme zaidi. Kwa Leaf yenye betri ya 62 iliyouzwa Marekani, gredi ya chini ilipimwa maili 226, karibu kilomita 364. Gredi mbili za juu, kwa betri ile ile, zilipata maili 215, karibu kilomita 346. Aliyelipa zaidi alienda umbali mdogo zaidi.

Vitu vinavyostahili pesa

Si kila nyongeza ni mapambo. Ya kwanza ni kasi ya kuchaji nyumbani. Leaf nyingi za Japani za kWh 40 huchaji kwa kW 3, na zikiwa tupu huhitaji kama saa 16 kujaa. Zilizowekewa chaja ya ndani ya kW 6 huhitaji kama saa 8, yaani usiku mmoja. Ilikuwa nyongeza ya hiari, kwa hiyo X inaweza kuwa nayo na G ikakosa.

Ya pili ni tundu la chaji ya haraka. Leaf hizi hutumia CHAdeMO, mfumo wa Japani, wakati magari mengi mapya yanatumia CCS2. Baadhi ya Leaf za gredi za chini zilizouzwa Uingereza na Marekani hazikuwekewa tundu hilo kabisa. Mnunuzi afungue kifuniko cha mbele ajionee, kisha aulize vituo vya njia anayopita vina kebo gani.

Ya tatu ni kamera za pande zote, kwa anayeegesha kwenye maegesho finyu. Viti na usukani wenye joto vina maana Limuru, Iringa au Mbeya, kwa kuwa hupasha mwili bila kula umeme mwingi kama hita ya gari zima. Pwani ni mzigo tu.

Hesabu ya safari mbili

Mwalimu anaishi Kitengela na kufundisha Westlands, karibu kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Leaf ya kWh 24 yenye afya ya asilimia 75 imebaki na uniti 18, yaani kilomita 108. Akiacha akiba ya asilimia 20, anabaki na 86. Anafika, lakini siku ya mvua, foleni na kumpitisha mtoto hospitali, roho juu. Leaf ya kWh 40 yenye asilimia 85 ina uniti 34. Baada ya akiba, kilomita 163: siku mbili bila kuchaji. Betri ya 62 kwake ni pesa zilizolala.

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anakwenda Morogoro mara kwa mara, karibu kilomita 190. Ile Leaf ya 40 yenye asilimia 85 ina kilomita 204 kwenye karatasi. Hapo hakuna akiba, hakuna kupotea njia. Kwake e+ ya kWh 62, hata ikiwa X isiyo na mapambo, ni bora kuliko G ya 40.

Mpangilio wa maswali kabla ya kulipa

1. Safari ndefu ya kawaida ni kilomita ngapi, kwenda na kurudi?
2. Betri ni ya uniti ngapi, na afya yake kwa LeafSpy ni asilimia ngapi?
3. Uniti zilizobaki zikizidishwa kwa 6, kisha zikatolewa asilimia 20, zinatosha? Zitatosha baada ya miaka mitatu?
4. Chaja ya ndani ni ya kW 3 au kW 6? Tundu la CHAdeMO lipo?
5. Kebo iliyokuja na gari ni ya volti 200 za Japani? Umeme wa Kenya ni volti 240 na wa Tanzania 230, kwa hiyo fundi umeme aione kabla haijachomekwa ukutani.
6. Baada ya yote hayo: S, X au G?

Swali la gredi liko mwisho kwa sababu ndilo rahisi kurekebisha. Redio hubadilishwa, viti hushonewa ngozi mjini, rimu hununuliwa. Kubadilisha betri iliyochoka ni gharama inayoweza kumrudisha mtu kwenye foleni ya mkopo.