Mizani ya Mlo

Neno "dayeti", ambalo siku hizi husikika mjini na shamba kila anapotajwa mtu aliyepungua mwili, asili yake ni Kiyunani. Wayunani wa kale walisema diaita, nao walikusudia mwenendo mzima wa maisha: mtu ale nini, alale kiasi gani, afanye kazi ipi na aoge vipi. Waganga waliofuata mafunzo ya Hippocrates waliiandikia diaita kuwa ni elimu ya kumhifadhi mtu umri wake wote. Neno hilo lilipokuwa likisafiri katika lugha za Ulaya lilivuliwa nguo moja baada ya nyingine, hata mwisho likabaki na maana ya kujinyima kwa muda. Kisa cha kuvuliwa huko ni kisa cha watu waliomtafuta adui mmoja ndani ya sahani.

Mnamo 1827 tabibu wa London, William Prout, aliugawa mlo wa binadamu katika mafungu matatu: vitu vya jamii ya sukari, ambamo aliingiza na wanga, mafuta, na vitu vya jamii ya ute wa yai. Akasema kwamba maziwa, chakula cha kwanza cha kila mtoto, yamekusanya yote matatu, na kwa hivyo ndiyo mfano wa mlo uliokamilika. Miaka kumi na moja baadaye, 1838, Mholanzi Mulder alilipa fungu la tatu jina la protini, kwa ushauri wa Berzelius wa Sweden. Jina hilo nalo limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni chenye daraja la kwanza. Mafungu yaliyokuwa ndugu, moja likavikwa kilemba. Tangu hapo haikuwa ajabu watu kuuliza ni lipi kati ya mawili yaliyobaki lishushwe cheo.

Aliyeufanya ugomvi huo kuwa jambo la watu wote hakuwa tabibu. William Banting alikuwa mtayarishaji wa mazishi mjini London, na nyumba yake ndiyo iliyokabidhiwa mazishi ya wakubwa wa Uingereza. Mnamo Agosti 1862, akiwa na miaka 65 na kimo cha futi tano na inchi tano, alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani kilo 92 hivi. Hakuweza kuinama kufunga viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Alikwisha kupiga makasia alfajiri, akaishia kupata hamu zaidi ya kula. Alikwisha kunywa maji ya chemchemi na kukaa katika hamamu za Kituruki. Masikio yalipomsumbua alikwenda kwa William Harvey, bingwa wa masikio, ambaye alikuwa amemsikiliza Claude Bernard mjini Paris akieleza habari za ini na sukari. Harvey alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Akamwachia nyama, samaki, mboga, matunda na divai. Kufikia Septemba 1863 Banting alikuwa na ratili 156. Akaandika kijitabu, akakigawa bure, na jina lake likageuka kitenzi. Hata leo Msweden anayepunguza kula husema "banta", na huenda hajui kwamba anamtaja mzika maiti wa London.

Wengi walichokichukua kwa Banting ni orodha ya vilivyoharamishwa. Wachache waliangalia kwamba yeye hakurudi alikotoka. Mlo wake aliufanya mwenendo, akaushika miaka iliyobaki, akafariki 1878 akiwa na miaka 81. Bila ya kujua, mzee huyo alilirudisha neno la Wayunani katika maana yake. Wafuasi wake wakalipunguza tena.

Mwisho wa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater alivipima vyakula kwa joto vinalotoa, akahesabu kalori 4 kwa gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta. Hapo kujinyima kukapata hesabu. Namna mwili unavyoipokea hesabu hiyo ilidhihirika katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kuanzia Novemba 1944 hadi mwisho wa 1945, Ancel Keys aliwachunguza wanaume 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri. Kwa miezi sita walilishwa nusu ya mahitaji yao, aghalabu mkate, viazi na mboga za mizizi. Walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Walilamba sahani, wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya, wakaota chakula. Walipofunguliwa walikula bila ya kushiba, na miili yao ikatangulia kujaza mafuta. Mwili uliodhulumiwa hudai deni lake, na hulidai kwa riba.

Afrika Mashariki nayo imo katika kisa hiki. Mnamo 1931 John Gilks, mkuu wa tiba wa serikali ya Kenya, na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe wa Scotland, walitoa ripoti iliyolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Wamasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu kwa nafaka, viazi na kunde. Mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenziwe inchi 5 kwa kimo na ratili 23 kwa uzito. Wasomaji wa haraka walitoa hukumu palepale: protini imeshinda. Lakini ripoti ile ile iliandika maradhi ya pande zote mbili. Wakikuyu walionekana na ulemavu wa mifupa, meno mabovu, upungufu wa damu na maradhi ya mapafu. Wamasai na kufunga choo na maumivu ya viungo. Sahani zote mbili zilikuwa na pengo. Tena wanawake wa Kikuyu, waliokula majani mabichi ambayo wanaume waliyadharau, tofauti yao na wenzao wa Kimasai ilikuwa ndogo zaidi.

Karne hii imeleta ushahidi wa namna nyengine. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa Marekani wa watu 811 waliogawiwa milo minne yenye viwango mbalimbali vya mafuta, protini na wanga: baada ya miaka miwili upungufu wa uzito ulikaribiana. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609. Waliopunguza mafuta na waliopunguza wanga hawakuachana kwa kiasi cha kutajika. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa yaepuke sukari na unga uliokobolewa, na yale mboga kwa wingi. Adui aliyetafutwa tangu 1863 hakupatikana.

Watu wa mwambao walifunzwa zamani kwamba tumbo lina thuluthi tatu: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Funzo hilo ni la kiasi. La mchanganyiko limo jikoni mwao: wali, mchuzi wa samaki wenye tui, kunde, mchicha. Mafungu matatu ya Prout yamo humo, na majani ya wanawake wa Kikuyu yamo. Kilichobadilika ni vipimo: wali umekuwa mlima, samaki kipande, mchicha umeitwa chakula cha shida, na soda imeingia mahali pa maji. Anayeugua kisukari katika nyumba kama hiyo akiambiwa aache wali moja kwa moja, huacha wiki tatu kisha akarudi kwa pupa, kama wale wa Minnesota. Akiambiwa aupunguze wali, azidishe kunde na mchicha, na sukari aiache dukani, ameambiwa jambo analoweza kulifanya hata uzeeni.