Raundi Tatu na Raundi Kumi na Tano

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, 1974, nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Walimu watano tulikusanyika nyumbani kwa mwalimu mkuu wetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na redio yenye betri mpya. Kule Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wanapambana. Habari zilikuwa bado hazijafika, lakini ubishi ulikwisha kupamba moto. Mwalimu wa hesabu alisema hakuna la kubishania: Foreman alitwaa medali ya dhahabu ya uzito wa juu katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na Ali alipata yake Roma mwaka 1960 katika uzito ulio chini ya huo. "Jamani, hesabu ni hesabu," akasema. Habari zilipofika, tukasikia kwamba Foreman ameangushwa katika raundi ya 8. Mwenzetu akanywa chai yake kimya.

Swali lile halikunitoka kichwani. Je, ushindi wa bondia katika ngumi za ridhaa unatuambia nini juu ya atakavyokuwa katika ngumi za kulipwa? Nimelifuatilia kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba ni swali la mwalimu kuliko la mpenzi wa ndondi.

Tuanze na tofauti yenyewe. Katika Olimpiki za enzi hizo bondia alipigana raundi 3 za dakika tatu tatu. Hapo wepesi wa kuanza ni mali kubwa. Ukichelewa kuamka, kengele ya mwisho imekwisha kulia. Ubingwa wa kulipwa ulikuwa wa raundi 15, na tangu miaka ya themanini ni 12. Huko hutazamwi unavyopiga tu. Hutazamwa pia unavyopigwa na kubaki umesimama, unavyotunza pumzi, na unavyomsoma mwenzako hata ukajua udhaifu wake. Foreman alipiga ngumi nyingi usiku ule wa Kinshasa, naye Ali aliegemea kamba akangoja. Kufika raundi ya 8 mikono ya Foreman ilikuwa mizito.

Sisemi kwamba medali si kitu. Joe Frazier aliipata Tokyo mwaka 1964, Foreman Mexico, Lennox Lewis Seoul mwaka 1988, na wote wakawa mabingwa wa dunia. Lakini tazama Frazier alivyofika Tokyo. Katika kuchagua timu ya Marekani alishindwa na Buster Mathis. Mathis akaumia mkono, ndipo Frazier akachukua nafasi yake. Mwaka 1968 walikutana tena, safari hii kwa malipo, na Frazier alimmaliza Mathis katika raundi ya 11. Mwaka 1984 Henry Tillman alimshinda kijana aitwaye Mike Tyson katika kuwania nafasi ya timu, akaenda kutwaa dhahabu Los Angeles. Mwaka 1990 Tyson alimwangusha Tillman katika raundi ya kwanza.

Wapo pia walioamini kwamba medali ni daraja tosha. Pete Rademacher alitwaa dhahabu ya uzito wa juu Melbourne mwaka 1956, na pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, Agosti 1957 huko Seattle, lilikuwa la kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Floyd Patterson. Katika raundi ya 2 alimwangusha bingwa! Laiti mchezo ungekuwa wa raundi 3, nani ajuaye? Lakini haukuwa. Patterson aliinuka, akamwangusha Rademacher mara kadhaa, na raundi ya 6 ikawa ya mwisho.

Kuna Mkyuba Teófilo Stevenson, aliyetwaa dhahabu tatu, 1972, 1976 na 1980, wala hakupigana kwa malipo hata siku moja. Mwaka 1976 alimwangusha Mmarekani John Tate katika raundi ya kwanza, na Tate huyo akaja kuwa bingwa wa dunia wa chama kimojawapo mwaka 1979. Basi wako wanaosema Stevenson naye angekuwa bingwa. Pengine. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo Mathis angemshinda Frazier, na Tillman angemshinda Tyson. Stevenson alifariki mwaka 2012, na swali lake halitajibiwa.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Helsinki, 1952. Katika fainali ya uzito wa juu, Ed Sanders wa Marekani alikabiliana na kijana wa Sweden, Ingemar Johansson. Johansson alizunguka ulingo bila kupigana. Katika raundi ya 2 mwamuzi alimtoa kwa kutojitahidi, akanyimwa hata medali ya fedha. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa anamchosha Sanders ili amvamie katika raundi ya 3, raundi ambayo hakuruhusiwa kuifikia. Sanders alirudi na dhahabu, akaingia ngumi za kulipwa, na Desemba 1954 aliangushwa ulingoni huko Boston, akafariki akiwa na miaka 24. Johansson, yule "asiyejitahidi", mwaka 1959 alimwangusha Patterson mara saba katika raundi ya 3, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1982 alikabidhiwa medali yake ya fedha, miaka 30 baadaye.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, nilisimamia mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Nusu ya muda ilikuwa imepita, na mvulana mmoja alikuwa hajaandika hata neno. Alikuwa akitazama dirishani. Nilimtoa chumbani mbele ya wenzake, na katika ripoti yake nikaandika maneno mawili: "Hana juhudi." Baba yake alisoma, akaona ada ya sekondari itakuwa hasara, akampeleka kwa mjomba wake kuuza duka.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye kituo cha mabasi. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akanibebea mzigo wangu. Nikamwuliza, kwa utani tu, siku ile alikuwa anaota nini. Akajibu kwa upole, "Nilikuwa nafikiri kwanza, mwalimu. Nilitaka nikianza nisifute."

Ana maisha yake, na hakunilaumu. Wala sidai kwamba angekuwa profesa. Kama ilivyo kwa Stevenson, hilo halitajulikana. Ninachojua ni kwamba nilimpima kwa raundi 2, nikaandika kana kwamba nimeona 15.

Johansson alikuwa na kamati ya kumrudishia medali yake. Mimi nimestaafu, muhuri wa shule si wangu tena, na ripoti ile siwezi kuiandika upya. Basi naandika hapa: juhudi alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemnyima muda.