Kiungo cha sifa

kiungo cha sifa nm [ki-/vi-] (wingi: *viungo vya sifa*). Katika programu za kuendesha mitambo ya majengo: uhusiano unaopeleka thamani ya sifa ya kitu kimoja kwenye sifa ya kitu kingine kila thamani hiyo inapobadilika.

*Matumizi.* Neno latokana na kitenzi *unga*. Miongoni mwa maana zake za kila siku, ile ya uwanja wa soka ndiyo iliyo karibu zaidi, ila kiungo hiki hakirudishi mpira nyuma. Wapo wanaoandika *mali* badala ya *sifa*. Yafaa kuepukwa, kwani mali humilikiwa na kuuzwa, ilhali joto ni sifa tu ambayo kihisi huitaja.

Kosa lenye madhara zaidi limo katika kihusishi. *Unganisha kihisi na kidhibiti* ni sentensi sahihi kisarufi, lakini *na* huficha mwelekeo. Andika: *unga sifa ya kihisi kwenye sifa ya kidhibiti*, chanzo kikitangulia kilengwa. Tuchukulie wodi ya wazazi huko Igogwe, wilayani Rungwe, ambako usiku wa Julai huwa na baridi kali. Shirika la Afya Duniani hupendekeza chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28 za sentigredi. Fundi akiunga joto linalotakiwa kwenye sifa ya joto lililopimwa, skrini itaonyesha 25 usiku kucha, hata chumba kikishuka hadi 15, na hita haitawaka.

Aina za data nazo sharti zipatane, mithili ya upatanisho wa ngeli: namba haiingii katika sifa ya *ndiyo/siyo* pasipo kigeuzi. Kuna mtego hapa. Nyuzi 25 na asilimia 25 ya ufunguzi wa vali zote ni namba. Programu inaweza kuzipokea bila kulalamika.

Chanzo kimoja chaweza kulisha vilengwa vingi, ila kwa kawaida sifa lengwa hupokea kiungo kimoja tu. Kiungo kikikatwa, thamani ya mwisho yaweza kusalia palepale. Kwa hiyo *kukata kiungo* kusitumiwe kwa maana ya *kuzima*.

Penye waamrishaji wengi, itifaki ya BACnet, iliyochapishwa na ASHRAE ya Marekani mwaka 1995, ina ngazi 16 za kipaumbele. Ya 1 hushinda zote, na ya 8 ni ya amri za kawaida za mwendeshaji. Amalizaye *huachia* ngazi yake. Kuandika sifuri si kuachia: kwa hita, sifuri ni amri ya kuzima, nayo huendelea kuzishinda ngazi zote za chini yake.

*Taz. pia:* chanzo, kigeuzi, kilengwa, kipaumbele.